Si Kila Atapikaye Botini Amelewa Bahari

Mitihani ya muhula ilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa chuo jijini Dar es Salaam alikata tiketi ya boti kwenda Unguja pamoja na wenzake watatu. Alikuwa na umri wa miaka 21, na kwa miaka tisa alikuwa akiishi na kisukari cha aina ya kwanza. Mkobani aliweka kipima sukari, vitepe, sindano na vichupa viwili vya insulini. Boti iendayo kasi huchukua takriban saa mbili. Alizimaliza akitazama majahazi, bila kuumwa hata kichwa.

Huko Paje, pwani ya mashariki, maji yalipokupwa walitembea hadi kwenye mashamba ya mwani, yalipojaa waliogelea. Mkoba ulibaki mchangani, juani, tangu asubuhi hadi alasiri, siku tatu mfululizo. Vichupa vyote viwili vilikuwa humo.

Siku ya tatu sukari ilipanda hadi milimoli 15 kwa lita, kisha 18. Akalaumu maembe na urojo. Alijidunga tena, lakini haikushuka. Usiku huo aliamka mara nyingi, ama kwenda haja ndogo, ama kutafuta maji ya kunywa.

Asubuhi ya kurudi aliingia botini akiwa mchovu, roho ikimchafuka. Nusu saa baada ya kuondoka bandarini alianza kutapika. Mhudumu alimletea mfuko, abiria mmoja akampa kipande cha tangawizi, na wenzake wakamtania kwamba bahari imemlevya.

Aliyeona tofauti ni muuguzi mstaafu aliyeketi jirani. Bahari ilikuwa shwari, na hakuna mwingine aliyetapika. Tena binti yule alikuwa akivuta pumzi nzito na za haraka kama mtu aliyetoka mbioni, nayo pumzi ilinuka mithili ya tunda lililoiva kupita kiasi.

“Mwanangu, una maradhi yoyote?” aliuliza.

“Nina kisukari, mama.”

Kipimo kilionyesha 26. Muuguzi alimwomba nahodha apige simu ili gari la wagonjwa lisubiri bandarini, akaendelea kumnywesha maji kidogo kidogo. Hospitalini mkojo ulikutwa na ketoni nyingi. Alitundikiwa maji, akapewa insulini kupitia mshipa, huku kiwango cha potasiamu kikifuatiliwa kwa karibu. Aliruhusiwa siku ya nne.

Joto lilifanya nini?

Insulini ni protini, na joto kali huiharibu, hata kama kwa macho kichupa kinaonekana vilevile. Isipofanya kazi, sukari hubaki kwenye damu bila kuingia katika seli. Mwili huanza kuunguza mafuta, na katika kuunguza huko huzalisha ketoni zenye asidi. Pumzi nzito ni jitihada ya mwili kuipunguza asidi hiyo. Kutapika na maumivu ya tumbo hufuata, maji ya mwili hupungua, na mgonjwa asipotibiwa hupoteza fahamu na huweza kufa.

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kugandishwa. Kinachotumika, kwa aina nyingi, huweza kukaa takriban wiki 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 30. Pasipo jokofu, chungu cha udongo kilicholoweshwa maji na kuwekwa kivulini hupunguza joto.

Kwa msafiri mwenye kisukari

Achukue dawa na vitepe zaidi ya mahitaji yake, na avigawe katika mikoba miwili. Wenzake wajue hali yake kabla ya kuondoka. Sukari isiposhuka ipasavyo, akishuku kichupa kabla ya kulaumu chakula, na atafute kingine mapema. Akitapika, asiache insulini yake ya msingi hata kama hali chakula. Apime sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, anywe maji, na aende kituo cha afya ikiwa kutapika hakukomi au pumzi inabadilika. Kuzuia kulewa bahari, aketi katikati ya chombo, atazame upeo wa macho, na ale chakula chepesi.

Kwa mhudumu wa afya

Anayetapika huku akipumua kwa kina apimwe sukari, hata kama ametoka safarini na hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari. Tone moja la damu hutosha kutenganisha mawimbi na maradhi.

Likizo iliyofuata binti huyo alirudi Paje. Insulini ilisafiri ndani ya chupa ya chai iliyopozwa kwa maji baridi na kukaushwa, na kila siku mmoja wa wenzake alikuwa na zamu ya kuiangalia isikae juani.