Hakuna CR Ujerumani

Mhitimu wa Dar es Salaam au Dodoma mwenye GPA ya 4.5 anapofika Ujerumani hukuta hesabu zimegeuzwa. Huko 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu, na 5.0, ambayo nyumbani ni ndoto ya kila mtu, maana yake umefeli. Hilo la namba huzoeleka upesi. Yapo mambo mengine yasiyoandikwa kwenye karatasi ya matokeo, na hayo ndiyo yanayowaangusha vijana wenye akili nzuri kabisa.

La kwanza ni kwamba hakuna wa kukukumbusha. Vyuoni kwetu yupo CR, mwakilishi wa darasa: ndiye anayetangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kipindi kimehamishwa ukumbi, jaribio ni Ijumaa, madesa yako steshenari pale getini. Ujerumani kazi hiyo yote ni yako, na iliyo nzito zaidi ni kujisajili kwa mitihani. Kuhudhuria kozi muhula mzima hakukupi haki ya kufanya mtihani wake. Lazima ujiandikishe, kwa kawaida kwenye mfumo wa chuo mtandaoni, ndani ya muda uliotangazwa, na muda ukipita umepita. Kanuni za mitihani za kila programu husema pia unaruhusiwa kujaribu mara ngapi. Nyingi hutoa nafasi tatu kwa jumla. Ukifeli ya mwisho katika somo la lazima, umedisko, yaani umeondolewa masomoni, na mara nyingi huwezi kuhamia chuo kingine cha Ujerumani kusoma programu ileile. Kwa mgeni, kibali cha kuishi nacho kinaingia mashakani. Inaniuma kila ninapoona mtu anayajua haya muhula wa tatu. Kanuni hizo zisomwe kabla ya mhadhara wa kwanza, hata kama ni kurasa nyingi za Kijerumani kigumu.

Jingine ni ratiba, ambayo kwa macho huonekana nyepesi. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, hivyo moduli ya krediti 6 ni saa 150 kwa uchache. Semina ya saa mbili kwa wiki, kwa wiki 14 hivi, haifikishi hata saa 30. Saa 120 na zaidi zilizobaki ni zako na vitabu. Anayeona vipindi vichache akajaza wiki nzima vibarua hushtuka Februari, mihadhara inapokwisha, kwa sababu kazi ndefu za semina huandikwa wakati huo, ambao yeye aliuita likizo.

Kazi hiyo, ambayo wanafunzi wetu huiita Hausarbeit hata wanapoongea Kiswahili, inastahili kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi ni kurasa 15 hadi 20. Tuseme mwanafunzi amechagua mada: "Elimu bila ada Tanzania." Anaanza na historia tangu uhuru, anafafanua istilahi, anaorodhesha faida, kisha changamoto, kisha mapendekezo kwa serikali. Hakuna sentensi yenye kosa. Anapata 3.7, na maelezo mafupi kwamba kazi haina swali. Anaumia, maana mpangilio huohuo ndio uliompa A miaka yote.

Msahihishaji alitaka mada ipunguzwe mpaka iwe swali ambalo jibu lake halijajulikana. Kwa mfano: baada ya ada ya sekondari kufutwa mwaka 2016, je, wazazi wa kata fulani ya Dodoma waliacha kuchangia shule, au michango ilibadilika sura tu? Swali la namna hiyo linakulazimisha kuchagua. Historia tangu uhuru inatoka, kwa kuwa haisaidii kujibu. Mwandishi mmoja akidai michango imekwisha na mwingine akidai ipo, haitoshi kuwapanga foleni, kila mmoja na aya yake. Onyesha kwa nini wametofautiana: pengine mmoja alihesabu ada peke yake, mwenzake akahesabu uji, mlinzi na madawati. Kisha sema wewe uko upande gani, na kwa ushahidi upi. Mapendekezo kwa serikali hakuna aliyeyaomba.

Hapo ndipo malezi yetu yanapotubana. Tumefundishwa kutobishana na wakubwa, kwa hiyo kijana huketi kimya semina nzima akiamini anaonyesha adabu, na mhadhiri huandika moyoni kwamba huyu hajasoma. Heshima kule ni kusoma kazi ya mtu kwa makini kiasi cha kuona inapolegea, kisha kulisema hilo kwa utulivu.

Suala la wizi wa maandishi linatoka kwenye mzizi huohuo. Wengi huamini kwamba kubadili "ongezeko" kuwa "ukuaji" na kugeuza mpangilio wa sentensi kunaifanya aya iwe yao. Hapana; hoja bado ni ya mwenyewe, na bila kumtaja umemwibia. Wajerumani hawana mzaha hapa. Chuo Kikuu cha Bayreuth, kinachofahamika sana kwa wanazuoni wa Kiswahili kwa kongamano lake, kilimvua udaktari Karl-Theodor zu Guttenberg Februari 2011 akiwa Waziri wa Ulinzi, naye akajiuzulu Machi 1. Miaka miwili baadaye Annette Schavan, Waziri wa Elimu na Utafiti, aliondoka madarakani baada ya chuo cha Düsseldorf kufuta shahada yake kwa tasnifu ya mwaka 1980. Ikiwa waziri anaulizwa kuhusu kurasa alizoandika zaidi ya miaka 30 nyuma, mwanafunzi asitegemee huruma. Marejeo humwonyesha msomaji sauti ya wengine inaishia wapi na yako inaanzia wapi. Bila hayo, hata wazo lako zuri halitaonekana kuwa lako.

Msaada upo, ila lazima uuombe. Maprofesa hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na miadi huombwa kwa barua pepe yenye cheo kamili cha anayeandikiwa. Usiende kuuliza "niandike nini?" Nenda na ukurasa mmoja: swali lako, maandiko matano au sita uliyokwisha kuyasoma, na mpango wa sura. Kwa muhula wa baridi, unaoanza Oktoba, upeleke Desemba, wakati bado unaweza kulibadili swali.