Betri ya Gari, Kutoka Chini ya Boneti Hadi Kibanjani

Betri ya gari ni sanduku la plastiki lenye vyumba sita vilivyotenganishwa. Ndani ya kila chumba mna vibao vya madini ya risasi vilivyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na asidi ni kama theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo. Chumba kimoja hutoa takriban volti 2.1, na vyote sita vikiungwa pamoja, betri iliyojaa hufikia volti 12.6. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, na kiini chake hakijabadilika sana tangu wakati huo. Risasi na asidi ndizo zinazowasha gari la abiria alfajiri huko Ihembe, wilayani Karagwe, na ndizo hizohizo zinazoweza kumpofusha fundi au kudhoofisha akili ya mtoto. Gesi ya betri hulipuka mara moja na asidi huunguza ndani ya dakika chache. Risasi hudhuru kwa miaka mingi bila kuonekana, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Dereva anapowasha gari, stata huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache. Injini ikishawaka, alteneta huurudisha. Kila betri inapotoa umeme, uso wa vibao hugeuka kuwa salfeti ya risasi na asidi hupungua ukali. Ikichajiwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Betri ikiachwa wiki kadhaa bila chaji, salfeti ile hugeuka chembe ngumu ambazo chaji haiwezi tena kuziyeyusha. Ndiyo maana gari linaloegeshwa likisubiri msimu wa kahawa hukutwa betri yake imekufa, ingawa hakuna aliyeitumia.

Mazingira ya Karagwe yana faida na hasara zake. Sehemu kubwa ya wilaya iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wa milimani huifanya betri ipoteze maji polepole kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa joto ndilo huzeesha betri haraka. Lakini asubuhi ya baridi betri hutoa umeme kwa unyonge, na oili ya injini nayo huwa nzito, hivyo betri iliyochoka hujulikana saa hiyo. Kinachoumiza zaidi ni barabara. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene imerahisisha safari, ila njia nyingi za kuingia vijijini ni za vumbi na mabonde. Betri ambayo haikufungwa vizuri hutikisika, unga wa risasi hubanduka kwenye vibao na kujikusanya chini ya sanduku, na siku moja chumba kizima hufa. Kipande cha chuma cha kushikilia betri ni kifaa cha bei ndogo, na fundi anayekitupa kwa sababu kutu imekishika anampa mwenye gari hasara kubwa.

Katika ukaguzi wa kawaida, oili, maji ya rejeta, breki na upepo wa matairi hukumbukwa. Betri husahaulika hadi siku inapogoma. Yenye vifuniko vinavyofunguka inafaa kutazamwa angalau mara moja kwa mwezi: maji yafunike vibao vyote, kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Yakipungua, kinachoongezwa ni maji ya betri peke yake, yaani maji yaliyotoneshwa yasiyo na chumvi. Maji ya kisima yana chuma na chokaa. Ya mvua yaliyopita juu ya bati hubeba vumbi na zinki. Kosa baya zaidi ni kuongeza asidi. Betri inapochaji, maji ndiyo yanayoondoka kama gesi na asidi hubaki. Anayemimina asidi zaidi anaongeza ukali wa mchanganyiko, na vibao huliwa. Duka la vipuri huuza vyote viwili kwa chupa, kwa hiyo maandishi ya chupa yasomwe kabla ya kulipa.

Ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi soda na brashi ya zamani, vifuniko vya vyumba vikiwa vimefungwa, kisha vichwa hupakwa grisi. Kipima-umeme cha bei ya chini hutosha kwa mengine yote. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12 ni betri iliyo karibu kwisha. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.4 au zaidi ya hapo kidogo. Kikiwa chini ya 13, mkanda au alteneta vina tatizo, na kununua betri mpya hakutasaidia kitu. Kikipanda hadi 15, betri inachemshwa, na harufu ya yai bovu chini ya boneti ni dalili ya kuzima injini na kukaa mbali.

Gesi inayotoka wakati wa kuchaji ni haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, nayo haina rangi wala harufu. Cheche moja huilipua betri na kumrushia mtu usoni vipande vya plastiki na asidi. Kwa hiyo kuangalia maji ya betri usiku kwa kiberiti au kibatari ni kucheza na mauti. Tochi ya simu inatosha. Sigara izimwe kabla boneti haijafunguliwa. Spana nayo huleta cheche. Ikigusa kichwa chanya na bodi ya gari kwa pamoja, umeme wa mamia ya ampea hupita na chuma huwa chekundu mkononi. Kuna utaratibu unaoondoa hatari hiyo kabisa: waya hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, na pete na saa ya chuma huvuliwa kabla ya kuanza.

Kubusti gari kuna mpangilio wake. Waya mwekundu hufungwa kwenye kichwa chanya cha betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho huwekwa kwenye chuma kisichopakwa rangi cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Cheche haikosekani kwenye muunganiko wa mwisho, na shabaha ni itokee mahali pasipo na gesi. Katika barabara za Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa msaidizi wa karibu mara nyingi ni Fuso lililobeba ndizi au magunia ya kahawa, na hapo pana mtego. Malori mengi ya aina hiyo hutumia volti 24, betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo. Kuunganisha volti 24 moja kwa moja kwenye gari dogo la volti 12 huchoma vifaa vya umeme vya gari hilo na huweza kulipua betri yake.

Asidi ikimrukia mtu jichoni, dakika za mwanzo ndizo huamua kama ataona. Jicho lifunguliwe kwa vidole na kumwagiwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 hadi 30 bila kukatiza, hata kama maumivu yamepungua, ndipo safari ya kituo cha afya au Hospitali ya Nyakahanga ianze. Akisubiri kwanza usafiri ndipo aoshwe hukohuko, atakuwa amechelewa. Maziwa, mafuta, dawa za majani na magadi soda visiwekwe jichoni kamwe. Kwenye ngozi, nguo iliyolowa ivuliwe huku maji yakimwagwa. Aliyeimeza asitapishwe, kwa kuwa asidi itaunguza koo mara ya pili. Asukutue kinywa na kupelekwa hospitali. Ndoo ya maji safi karibu na mahali pa kazi, miwani ya kinga na glavu za mpira vinapaswa kuwa sehemu ya gereji kama jeki ilivyo. Anayechanganya asidi mpya amimine asidi ndani ya maji; kinyume chake mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka.

Vijijini betri haiishi ndani ya gari tu. Umeme wa gridi umefika vijiji vingi vya mkoa wa Kagera, ilipo Karagwe, lakini zipo nyumba ambako betri ya gari bado huwasha taa, redio na simu kwa msaada wa paneli ya jua, au hubebwa kwa bodaboda kwenda kuchajiwa senta. Ikifungwa kwa kulala ubavu kwenye pikipiki, asidi huvuja hadi mguuni kwa abiria. Ikichajiwa chumbani karibu na kitanda au jiko, haidrojeni hukusanyika darini. Zaidi ya hayo, betri ya gari iliundwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi, wala si kuishiwa kila usiku. Ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara hufa mapema. Kazi hiyo ni ya betri za sola, na mahali pake ni chini ya paa lenye hewa, juu ya beseni la plastiki, mbali na watoto.

Betri iliyokufa bado ina risasi yake yote, na risasi ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Huyeyuka kwa nyuzi joto 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na ndiyo sababu watu huvunja betri nyumbani ili wauze madini hayo au watengeneze chubwi za nyavu. Asidi humwagwa kwenye migomba. Katika maisha ya Karagwe nyumba huzungukwa na kibanja chake: migomba, kahawa, maharage, kuku, na watoto wakicheza humohumo. Risasi iliyomwagwa hapo haiozi wala haizami mbali. Hubaki udongoni juu juu kwa vizazi. Mama mjamzito anayekula udongo, na mtoto anayetia vidole mdomoni, huichukua moja kwa moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Katika damu hukaa wiki kadhaa, kisha hujificha mifupani kwa miongo, na mwanamke akishika mimba mifupa huiachia hadi kwa mtoto aliye tumboni. Huleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, kufunga choo, na ikizidi sana degedege na kifo. Kwa kiwango kidogo haina dalili. Mtoto hupoteza uwezo wa kujifunza, na hasara hiyo hairudi.

Afrika imeshaona mwisho wa njia hii. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa ambako watu walichakata betri chakavu na mchanga wake. Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya mtaa wa Owino Uhuru kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi hapo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi, akaongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ukabatilishwa kwenye rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024.

Betri chakavu, basi, isivunjwe wala isimwagwe asidi yake. Ikae wima, nzima, juu ya plastiki na mbali na mvua, hadi iuzwe kwa mnunuzi mwenye kibali cha taka hatarishi. Kwa Tanzania vibali hivyo husimamiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Wauzaji wengi wa betri mpya hupokea ya zamani na kupunguza bei, na hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na mwenye gari wa Ihembe.

Fundi wa betri hubeba risasi nyumbani kwenye viatu, nywele na ovaroli. Nguo za kazi ziachwe gereji na zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na sakafu ifagiwe ikiwa imelowanishwa ili vumbi lisipae. Mtoto wa nyumba ambako betri zimewahi kuvunjwa anahitaji kipimo cha damu. Kwa mwongozo wa WHO, kikifika maikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kikifika 45, kwa mtoto wa miaka 10 au chini, hutolewa dawa ya kuivuta risasi nje ya mwili. Chakula chenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa, hupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa, ila hakifai kitu ikiwa udongo ule ule ungali uani.