Uzito wa Mtu na Hukumu ya Macho

Mji wa Tunduma, unaokabiliana na Nakonde ya Zambia, ambamo barabara kuu na reli ya TAZARA hupita zikielekea kusini, una desturi ya kumpima mtu kwa macho kabla hajafungua kinywa. Na maadamu wageni wake wengi huja jioni wakaondoka alfajiri na malori yao, desturi hiyo naiona kali kuliko ile ya vijiji vya Wanyiha na Wanyamwanga, ambako aila ya mtu yajulikana, na wembamba wake wajulikana kuwa aliurithi kwa babu. Aliyekonda hunong'onwa kwamba amekanyaga miwaya, yaani ana virusi vya Ukimwi. Aliyenenepa huitwa bonge kwa kicheko, na bodaboda humdai nauli ya watu wawili. Hukumu hizi, ambazo kwa juu juu zinapingana, asili yake ni moja: dhana kwamba kiwiliwili ni cheti cha siha kilichobandikwa hadharani, ambacho kila mpita njia ana ruhusa ya kukisoma.

Shaka juu ya wembamba haikuzuka bure. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walibainika Kagera mwaka 1983, na kizazi kilichowaona jamaa zake wakikauka hata wakabaki ngozi na mifupa kilijifunza kuliogopa shavu lililobonyea. Lakini tiba imegeuka, ilhali macho hayajageuka. Tangu mwaka 2016 siasa ya tiba nchini ni kumwanzishia dawa kila anayekutwa na virusi bila kungoja kinga zake zishuke, na tangu 2019 dawa iliyo nguzo ya tiba hiyo ni dolutegravir, ambayo utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kutangazwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba huwaongezea watumiaji wake uzito, hasa wanawake. Basi yule bibi aliyenawiri, ambaye sokoni anasifiwa siha njema, huenda anameza kidonge chake kila usiku, na yule kijana kimbaumbau anayekwepwa huenda hana hata mafua. Wapo pia wanaoikimbia fedheha ya kukonda kwa kununua kichochoroni vidonge vya deksamethazoni ili wanenepe. Navyo huujaza uso kweli, huku vikipandisha sukari ya damu na kuidhoofisha kinga ya mwili.

Mnene naye hana raha. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo, wajivunia kimondo cha Mbozi, kile cha Ndolezi, ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi, na sijapata kusikia mgeni aliyekwenda kukitolea dhihaka. Stahi hiyo binadamu mwenye kilo 100 haipati. Wala wanene si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na 10 walikuwa na uzito uliopungua.

Kiasi hicho chenyewe kina hadithi yake. Kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita, na mwenye kupata 25 au zaidi huhesabiwa kuwa amezidi. Hesabu hii ilibuniwa katika karne ya 19 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanafalaki na mtakwimu, wala hakuwa tabibu. Shabaha yake ilikuwa kuujua wastani wa umati. Kuli wa Tunduma mwenye mita 1.70 na kilo 85, zilizo misuli ya kubebea magunia, atapata 29, na karatasi itamwandika mnene. Sisemi kwamba mafuta mengi tumboni hayana madhara, kwani kisukari na shinikizo la damu huyafuata aghalabu. Nasema kwamba ugonjwa hutafutwa kwa vipimo vya damu na mishipa.

Na hata vipimo vyaweza kudhulumu. Ukanda wa kupimia presha ukiwa mwembamba kwa mkono mnene, husoma juu kuliko kweli, na mtu akaandikiwa dawa za maradhi asiyokuwa nayo. Ukiwa mpana kwa mkono mwembamba, husoma chini, na mgonjwa wa kweli akarudishwa nyumbani kwa pongezi. Zahanati yenye ukanda wa saizi moja, basi, huwabagua watu bila kukusudia. Ongeza juu ya hayo mizani iliyowekwa ukumbini, na kilo zinazotajwa kwa sauti mbele ya foleni: mwanamke aliyeaibishwa namna hiyo hachelei kukosa miadi ijayo, na kisukari chake hukua kwa siri.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila, dini, jinsia, ulemavu, virusi vya Ukimwi na mengineyo, lakini uzito haukutajwa. Mwajiri aliyemkataa msichana kwa sababu ana virusi amevunja sheria, bali aliyemkataa kwa unene wake anaweza kudai kwamba kifungu hakimgusi. Michigan, huko Marekani, iliuingiza uzito katika sheria yake ya haki za raia tangu mwaka 1976, na jiji la New York likafuata mwaka 2023. Dodoma yaweza kuongeza neno hilo moja Bunge litakapoirekebisha sheria. Ama pazia la mizani na ukanda wa pili wa presha, hayo hayahitaji Bunge, na mganga mfawidhi aweza kuyaombea fedha katika bajeti ya zahanati yake mwaka huu.