Shamba Zima, Mkonge Mmoja

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa karibu na Pangani, nayo ikawa chimbuko la zao ambalo mwaka 1964 liliipa Tanzania takriban tani 230,000 za nyuzi. Hayo yote yalifanyika bila mkulima kupanda mbegu.

Mkonge ukikomaa hutoa mlingoti mmoja unaopanda mita tano au sita. Maua huchanua, kisha hudondoka pasipo kuacha tunda. Ndipo jambo la ajabu hutokea: pale pale yalipokuwa maua huchipua vijimkonge vyenye majani kamili, mamia kwa mamia, vikikulia hewani hadi vianguke. Mama hufa. Lakini miaka kadhaa kabla ya hapo, ameshatoa maotea kutoka kwenye vishina vyake vya ardhini.

Chanzo cha utasa huo kimo ndani ya seli. Mkonge una kromosomu 150, yaani seti tano za 30. Ili chavua na mayai viundwe, seti hizo hupaswa kupangana jozi kwa jozi, na tano haigawanyiki kwa mbili. Hivyo kila mche ni nakala ya mzazi wake. Mwenye shamba hufurahi, maana anajua atavuna nyuzi za namna gani.

Ugonjwa nao hufurahi. Unaoshinda mmea mmoja umeshinda yote, kwa kuwa udhaifu ni ule ule. Watafiti wa Amani na Mlingano, mkoani Tanga, walitumia jamaa za mkonge zinazozaa mbegu, wakapata chotara H.11648 mwenye majani mengi zaidi. Naye akazidishwa kwa nakala, akaenea hadi China, na huko na huku huandamwa na kimelea kinachochora majani mistari kama ya pundamilia kabla ya kuuozesha mmea.

Baharini hali ni hiyo hiyo. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989 ulitokana na mbegu za Ufilipino, na mbegu hizo ni vipande tu vinavyofungwa kwenye kamba na kuvunwa baada ya wiki sita hivi. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Wakulima, ambao wengi ni wanawake, wamebaki na aina nyingine, spinosamu: inastahimili zaidi, ila bei yake ni ya chini.