Milima Miwili kwa Siku Moja: Hesabu ya Saa Ianzie Machweo

Kila mwaka mvua zinapopungua mwezi wa Desemba, vikundi vya vijana, vya makanisa na vya wafanyakazi huja Mbale na Tororo kupanda milima. Wengi hutoka Jinja na Iganga, na wengine huvuka mpaka kutoka Bungoma na Busia. Baadhi yao hujiwekea sharti la kupanda milima miwili au mitatu kabla jua halijatua. Jambo hili ni jema kwa afya na kwa biashara za wenyeji, ila huharibika upesi pale ratiba inapopangwa vibaya.

Jioni moja, saa mbili kasoro robo, tulipokea simu. Kikundi kilichoondoka Jinja kabla ya alfajiri kilikuwa kimepanda Mwamba wa Tororo, kikala chakula kwa starehe, kisha kikaanza kuipanda safu ya Wanale saa kumi alasiri. Mvua iliwanyeshea, giza likawakuta njiani, na wawili waliokuwa nyuma hawakuonekana. Waliowafikia wa kwanza hawakuwa askari. Walikuwa wakulima wa mlimani, walioacha chakula mezani, wakawasha tochi na kuingia kwenye utelezi. Ilipokaribia saa sita usiku wote walikuwa chini, wazima. Lakini dereva wao, ambaye hakuwa amelala tangu saa nane ya usiku uliotangulia, alikuwa tayari amewasha gari kuelekea Jinja. Tulimsihi alale Mbale. Alikubali kwa shingo upande.

Miguu ya watu wale haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika hesabu ya saa, na makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa.

Machweo hayangoji mtu

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna siku ndefu za kiangazi kama watu wa Ulaya. Mchana wetu ni wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Hapa Mbale, mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa 12:25 asubuhi na kutua kama saa 12:30 jioni. Katikati ya Februari huchomoza karibu saa 12:50 asubuhi na kutua karibu saa 1 jioni. Baada ya machweo mwanga haudumu. Katika muda wa dakika ishirini hivi giza huwa limeingia.

Kwa hiyo mpangaji mwenye busara haanzi kwa kuuliza, “Tutaondoka saa ngapi?” Huanza kwa kuandika saa ya machweo, kisha huhesabu kurudi nyuma: gari liwe limefika saa ngapi, mtu wa mwisho awe ameteremka saa ngapi, na kikundi kigeuke saa ngapi hata kama kilele hakijafikiwa. Saa hiyo ya kugeuka ndiyo muhimu kuliko zote. Itangazwe asubuhi mbele ya wote, wakati hakuna aliyechoka wala mwenye hamu ya kubishana.

Mlima mrefu uwe wa kwanza

Mwamba wa Tororo una kimo cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na Wanale inazidi mita 2,000. Wanale ipandwe asubuhi. Sababu ya kwanza ni nguvu za mwili. Sababu ya pili ni mvua: jua la asubuhi huupasha ardhi joto, hewa yenye unyevu hupanda kwenye miteremko ya Elgon, na ifikapo alasiri mawingu hugeuka kuwa radi na mvua. Njia iliyokuwa kavu saa tatu asubuhi huweza kuwa tope saa tisa alasiri.

Udongo wa milima hii tunaujua kwa majonzi. Maporomoko ya Nametsi, Bududa, ya Machi 2010, ya Bukalasi ya Oktoba 2018, na ya Bulambuli ya Novemba 2024 yaliwaondolea wengi wetu jamaa na majirani. Miezi ya mvua kubwa, yaani Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba, haifai kwa jaribio la milima mingi. Desemba hadi Februari ndiyo miezi bora. Aidha, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, sherehe za imbalu hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto, na barabara za Mbale hujaa watu. Anayeharakia mlima wa pili siku hizo atakwama, au atawahatarisha wanaocheza ngoma barabarani.

Kukadiria muda wa kupanda

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika. Kwa vipimo vya leo, hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda juu. Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa mita 900. Umbali unahitaji saa 1 na dakika 12, na mwinuko unahitaji saa 1 na dakika 30. Jumla ni saa 2 na dakika 42, bila kupumzika. Ongeza mapumziko, nayo inakuwa saa 3 kamili.

Kanuni hii ni ya mtu mwenye afya katika hali njema ya hewa. Kikundi hukadiriwa kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Pia mahesabu yazingatie foleni. Mwamba wa Tororo una ngazi za chuma katika sehemu zake kali, na watu hupita mmoja mmoja. Watu 40 wakitumia dakika moja kila mmoja, dakika 40 zimekwisha kwenye ngazi moja, kabla ya kuzihesabu tena wakati wa kuteremka. Kikundi cha watu 20 kinatosha.

Ratiba inayowezekana

Kwa kikundi kilicholala Mbale, siku inaweza kupangwa hivi:

Saa 11:30 alfajiri: kukusanyika na kuhesabiwa.
Saa 12:30 asubuhi: kuanza kupanda Wanale.
Saa 3:30 asubuhi: kufika juu. Saa 4:00 kamili: wote wageuke, waliofika na wasiofika.
Saa 6:00 mchana: kuwa chini, kuhesabiwa tena na kula.
Saa 7:00 mchana: kuondoka kwenda Tororo, takriban kilomita 45.
Saa 8:30 mchana: kuanza kupanda Mwamba. Saa 10:00 alasiri: kugeuka.
Saa 11:00 jioni: wote wawe chini.
Saa 12:15 jioni: kufika Mbale kabla ya machweo.

Mlima wa tatu, kwa mfano miamba ya Nyero huko Kumi, hauna nafasi katika siku hii. Radi ikisikika mchana, hata Tororo iachwe, kwa maana ngazi ya chuma juu ya mwamba ulio wazi si mahali pa mtu wakati wa radi. Kikundi kisubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikiwa saa ya kugeuka itapita, kirudi nyumbani.

Hatari iliyo kubwa ni barabara

Huko Uingereza kuna jaribio maarufu la kupanda Ben Nevis, Scafell Pike na Snowdon kwa saa 24. Kati ya milima hiyo kuna zaidi ya kilomita 700 za barabara, na kwa hiyo sehemu kubwa ya muda huishia garini. Kwetu hali ni hiyo hiyo. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Tirinyi ni karibu kilomita 150, yaani saa tatu hivi za mwendo wa halali. Ukiongeza kwenda na kurudi juu ya ratiba ya hapo juu, dereva ataondoka Jinja saa 8:30 usiku na kurejea saa 3:15 usiku unaofuata. Hizo ni saa 18 na dakika 45. Mtu wa namna hiyo huweza kusinzia akiwa amefumbua macho.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza mambo matatu. Kikundi kilale Mbale usiku wa kwanza, na ikiwezekana wa pili pia. Dereva asipande mlima. Alale wakati wengine wakipanda. Na dakika zilizopotea mlimani zisitafutwe kwa mwendo wa kasi barabarani: ukichelewa, punguza mlima.

Saa ipi?

Mwongozaji akisema “saa tatu”, anamaanisha saa tatu asubuhi. Mgeni anayehesabu kwa Kiingereza huweza kuielewa kuwa ni saa tisa alasiri. Andikeni ratiba kwa hesabu zote mbili.

Wanaotoka Kenya wavuke Malaba, Busia, Lwakhakha au Suam siku moja kabla, kwa kuwa foleni ya mpakani haitabiriki. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Njia zinazoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon zinahitaji kibali na mwongozaji wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Kwa wenyeji wa milimani

Ndugu zetu, ninyi ndio mnaoamshwa usiku. Mkiona kikundi kinaanza kupanda baada ya saa tisa alasiri, waambieni kwa upole kwamba wamechelewa, na mumjulishe mwenyekiti wa LC1. Viongozi wa vikundi, acheni nakala ya ratiba, orodha ya majina na namba ya gari katika kituo cha polisi kilicho karibu, kisha pigeni simu mkishafika. Tukijua mlipaswa kuwa chini saa 11:00 jioni, tutaanza kuwatafuta kabla giza halijaingia. Kwa dharura, piga 999 au 112.