Burundi: Raha ya Usiku Ziwani Rumonge

Rumonge ni mji ulio kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Wenzetu wa huko wanasifika kwa mawese na kwa ndagala, yaani dagaa. Giza likiingia, ndugu na marafiki husukuma mitumbwi majini.

Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu hushushwa, taa huwashwa. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi ni taa za betri. Usiku vijidudu vya majini hupanda juu, na ndagala huvifuata. Mwanga nao huwakusanya. Wakati wa kungoja ndio wa raha: hadithi, utani, nyimbo, na mzee kumfundisha kijana kuutambua upepo. Hapo hakuna king'ora wala saa ya ukutani. Kisha wote huvuta kamba kwa pamoja, maana mmoja hawezi. Alfajiri kina mama na watoto huwapokea ufukoni, samaki wakaanikwa.

Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwani taa hazivuti samaki. Lakini mapumziko hayo hayatoshi; samaki wamepungua. Desemba 2021 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana ziwa lifungwe miezi mitatu kila mwaka.

Ndugu wafanyakazi, miezi mitatu bila mapato si mchezo. Anayetaka mwanawe aionje raha hiyo hana budi kuliacha ziwa lipumue. Na wenye mamlaka wakumbuke kuwa mvuvi naye hula kila siku.