Sahibu wa Ubavuni: Haki ya Mwenzi wa Kazi katika Chakula Chetu

Katika mambo ambayo watu aghalabu huyahesabu kuwa madogo ni mtu kuondoka kwake asubuhi na kikapu cha maandazi au vitumbua, akaenda kuwagawia wale anaofanya nao kazi. Katika mji wetu wa Sumbawanga hili si jambo geni. Mji huu uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi yake huwashika watu vidole hata kalamu ikawa nzito mkononi. Ifikapo saa nne chai ya moto humiminwa katika maofisi, mashule, hospitali na karakana za mafundi, na mwenye kitu alichotoka nacho nyumbani hukifungua.

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana wanaoanza kazi, kwamba jambo hili lina mahali pake katika dini, na lina adabu zake. Anayeziacha adabu hizo huweza kuigeuza hadiya ikawa fitina, au rushwa, au dhuluma ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sahibu wa ubavuni ni nani?

Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha kuwatendea wema wazazi, jamaa, mayatima, masikini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Kisha amemtaja mtu anayeitwa kwa Kiarabu *as-sahib bil-janb*, yaani sahibu aliye ubavuni. Wafasiri wamesema mengi juu ya mtu huyu. Zamakhshari, aliyefariki mwaka 1144, ameeleza katika tafsiri yake kwamba huyu huweza kuwa mwenzi wa safari, au mwenzi katika kujifunza elimu au kazi ya mikono, au hata mtu aliyekaa karibu nawe katika baraza au msikitini.

Basi tazama, ewe msomaji! Karani unayekaa naye meza moja, fundi unayeshika naye ubao upande huu na yeye upande ule, mwuguzi unayekesha naye zamu ya usiku, wote hawa Mola wetu amewapa jina na haki. Na katika haki nyepesi kuitimiza ni kumshirikisha mwenzi huyo katika chakula.

Tutoe nini, na tumpe nani?

Wako wanaojizuia kutoa kwa kuona haya, wakisema kwamba walicho nacho ni kidogo. Hawa wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) amewakataza wanawake wa Kiislamu wasidharau hadiya ya jirani hata ikiwa ni kwato ya mbuzi, na alimwusia Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi auzidishe maji ili awakumbuke majirani zake. Hakumwambia aongeze nyama, kwani nyama si kila mtu aipatayo, alimwambia maji.

Nchi yetu ya Ufipa ina mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti, na mchele hutufikia kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Nazi hutoka pwani, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na bei yake si ya kila mtu. Hapana lazima basi kukopa ili vitumbua vyetu vifanane na vya Tanga au Unguja. Kashata za karanga, maandazi ya maziwa, au mihogo iliyochemshwa vizuri ikafunikwa kitambaa safi, vyote hivyo ni hadiya kamili. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini kilichotolewa kiwafikie wote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu huleta sahani, akampelekea mkubwa wa kazi kwanza, kisha rafiki zake wawili watatu, na mfagiaji aliyeshika ufagio mlangoni akaachwa kunusa harufu tu. Chakula cha namna hii hakiwaunganishi watu, bali huwaonyesha nani ana thamani na nani hana. Kama vitumbua ni kumi na watu ni ishirini, vikatwe nusu nusu. Wala aliyekula asidaiwe zamu ya kuleta kesho. Huenda kwake hata sukari ya watoto hamna. Sura Al-Insan, aya ya 8 na ya 9, yawasifu wenye kulisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wasiotaka malipo wala shukrani.

Wenzetu wasio Waislamu

Wengi wa watu wa Ufipa ni Wakristo Wakatoliki, na mapadre wa White Fathers walikwisha kuwasili Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885. Kwa hiyo Mwislamu wa Sumbawanga anayefanya kazi aghalabu ubavuni pake pana Mkristo. Je, huyu ana haki katika kikapu chetu? Naam, anayo. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliwauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi, akataja jinsi Jibrili alivyokuwa akimwusia Mtume juu ya jirani. Na Sura Al-Maida, aya ya 5, imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu kwetu, na chetu kwao.

Basi mwenzetu akituletea chake siku ya Krismasi au siku nyingine, tusimkunjie uso. Yafaa kuuliza kwa upole ndani yake mna nini, maana nguruwe hufugwa huku kwetu, na nyama yake na mafuta yake ni haramu. Vivyo hivyo togwa ya ulezi: ikiwa mpya na tamu ni kinywaji halali, ikikaa hata ikachacha na kulevya imekwisha kuwa pombe, na hatuna ruhusa ya kuionja. Anayekataa akatae kwa maneno laini na kwa shukrani. Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia kasoro chakula: alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha.

Hadiya na rushwa

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi alisema kwamba hii ni mali yenu, na hii nimepewa mimi hadiya. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama hadiya hiyo ingemjia. Swali hili latosha kuwa mizani yetu. Sahani unayopewa na mwenzi wa kazi aliye sawa nawe ni mapenzi. Sahani unayopelekewa na mtu anayengoja sahihi yako, au anayetaka kutangulizwa mbele ya wenzake, ipime kwa mizani hiyo. Na serikali nayo ina sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa, ya mwaka 2007.

Sisi walimu wa vyuo hatukutoka katika hukumu hii. Mzazi akitutumia vibibi ili mtoto wake asamehewe somo asilolihifadhi, ni heri vibibi vile virudi.

Aliyeonja joto la moto

Lililobaki ndilo kubwa. Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba mtumishi wa mmoja wetu akimletea chakula, naye asimkalishe pamoja naye, basi na ampe tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyeonja joto lake na taabu ya kukitengeneza. Sasa tujiulize: vitumbua vya kazini nani ameonja joto lake?

Twawaona vijana wanaomwambia mke saa tatu za usiku kwamba kesho wanataka vitumbua hamsini. Mama wa watu hukesha akiroweka na kutwanga mchele, akaamka saa kumi za alfajiri katika baridi yetu hii, akainamia moshi. Vikiiva vyote huingia kikapuni. Watoto hubakiwa na makombo, na kazini sifa zote humwangukia bwana.

Nao Ali bin Abi Talib na Abdullah bin Masud (R.A.) wamepokewa wakisema kwamba yule sahibu wa ubavuni ni mke! Basi haki ile ile unayoitimiza kazini ilikwisha kukudai nyumbani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mke akitoa chakula cha nyumba yake pasipo kuharibu ana thawabu kwa kutoa, na mume ana thawabu kwa kuchuma, wala thawabu ya huyu haipunguzi ya yule. Kwa hiyo na aombwe mapema, asiamriwe; asaidiwe kuchota maji na kuwasha moto; watoto waonje kwanza; na wenzi wa kazi wakisifu, waambiwe ni mkono wa nani.

Mwenyezi Mungu abariki vyakula vyetu, na atujaalie tuwe watu ambao aliye ubavuni mwetu, nyumbani na kazini, husalimika na kushiba. Amin.